Basi la Safari Ndefu Haliundwi Peke Yake



Wakazi wa Dar es Salaam waliokuwa watu wazima katika miaka ya 1970 na 1980 wanayakumbuka mabasi marefu yenye kiungo katikati, ambayo wananchi waliyapa jina la kumbakumba. Mabasi hayo yalitengenezwa na kiwanda cha Ikarus cha nchini Hungaria, nayo yalilitumikia Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, lililoanzishwa mwaka 1974. Waliopanda kumbakumba ni maelfu kwa maelfu. Lakini ni wachache waliopata kufahamu kwamba basi lile la mjini lilikuwa na ndugu zake wa safari ndefu, na kwamba ndugu wote hao walizaliwa kutokana na mpango mmoja, wakachangia injini na vyuma vya aina moja.

Mazungumzo haya yanahusu familia hiyo ya mabasi, hasa yale yaliyokusudiwa kwenda kati ya mji na mji. Yafaa kueleza jinsi yalivyobuniwa, sababu za kufaulu kwake, na sababu za kiwanda kilichokuwa miongoni mwa vikubwa kabisa duniani kuishia kufungwa. Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwenda Mbeya huyakabidhi maisha yake kwa kazi ya msanifu ambaye hatamwona kamwe. Kwa sababu hiyo, jinsi basi linavyobuniwa ni jambo linalomhusu kila mwananchi, wala si siri ya wahandisi peke yao.

ASILI YA KIWANDA

Mwaka 1895, katika jiji la Budapest, mhunzi aliyeitwa Imre Uhri alifungua karakana ya kutengeneza magari ya kukokotwa na farasi. Baadaye karakana hiyo ikaanza kuunda bodi za malori na mabasi. Baada ya Vita Kuu ya Pili mali hiyo ilitaifishwa, na mwaka 1949 ikaunganishwa na kampuni nyingine iliyokuwa ikiitwa Ikarus. Kiwanda kipya kilikuwa Mátyásföld, pembezoni mwa Budapest. Baadaye tawi lake katika mji wa Székesfehérvár nalo likawa kituo kikubwa cha kuunda mabasi.

Katika miaka ya 1950 kiwanda hicho kilitoa basi la safari ndefu lililojulikana kama Ikarus 55. Lilikuwa na umbo la mviringo, na injini yake iliwekwa nyuma kabisa. Uamuzi wa kuweka injini nyuma ulikuwa na faida kubwa kwa msafiri wa masafa marefu. Kelele na joto vilibaki nyuma yake, dereva alipata nafasi ya kutosha, na sakafu ikawa huru kwa viti na mizigo. Basi hilo liliundwa kwa takriban miaka 20 na kusifiwa katika nchi nyingi za Ulaya ya Mashariki.

Hata hivyo, kiwanda kilikuwa na tatizo. Basi la safari ndefu lilikuwa na utaratibu wake, basi la mjini utaratibu wake, na basi dogo la bei nafuu vivyo hivyo. Kila aina ilidai vifaa vyake vya kuundia, vipuri vyake na mafunzo yake kwa mafundi. Hali ya namna hiyo hukila kiwanda kidogo kidogo. Kadiri aina zinavyoongezeka bila kuhusiana, ndivyo gharama ya kila basi inavyopanda, na ndivyo karakana zinavyokosa vipuri kwa sababu hakuna ghala linaloweza kuweka kila kitu.

UAMUZI WA KUGAWANA KAZI

Katikati ya miaka ya 1960 serikali ya Hungaria iliamua kutotawanya nguvu zake katika magari ya kila namna. Nchi yenye watu milioni 10 hivi haikuweza kushindana na mataifa makubwa katika kila kitu. Ndani ya jumuiya ya kiuchumi ya nchi za kijamaa za wakati huo, Hungaria ilichukua jukumu la mabasi makubwa, na nchi nyingine zikawa wateja wake. Ujerumani Mashariki, kwa mfano, ilikuja kuyategemea mabasi ya Ikarus katika miji yake karibu yote. Lakini mgawanyo huo haukuwa kamili. Czechoslovakia iliendelea na mabasi yake ya Karosa, na Poland mwaka 1972 ikaamua kununua leseni ya kampuni ya Berliet ya Ufaransa.

Ndani ya Hungaria kwenyewe kazi iligawanywa pia. Kiwanda cha Rába katika mji wa Győr kilinunua leseni ya injini ya dizeli kutoka kampuni ya MAN ya Ujerumani Magharibi, kikatengeneza injini hiyo pamoja na ekseli. Kiwanda cha magari cha Csepel kilitengeneza fremu za sakafu, giaboksi na mitambo ya usukani. Ikarus ikabaki na kazi ya kusanifu basi zima, kuchomelea bodi, na kuviunganisha vyote viwe kitu kimoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Inafaa kulitazama kwa makini jambo la leseni. Wahungaria hawakuona haya kununua ujuzi wa injini kwa wenzao waliotangulia. Walifahamu kwamba kubuni injini mpya kungewachukua miaka mingi na fedha nyingi, hali basi lilihitajika mapema. Fahari yao waliiweka mahali walipokuwa na ujuzi wa kweli, yaani katika bodi na mpangilio wa basi.

FAMILIA YA MIA MBILI

Basi la kwanza la majaribio la familia mpya lilionyeshwa mwaka 1967, nalo lilikuwa basi la safari ndefu, Ikarus 250. Sura yake ilichorwa na msanifu László Finta, aliyeachana na mviringo wa zamani. Alilipa basi mistari iliyonyooka, pembe zilizo wazi na madirisha mapana. Wako waliodhani kwamba hiyo ilikuwa mitindo tu. Ukweli ni kwamba mstari ulionyooka ulikuwa na manufaa ya kiwandani. Bati lililonyooka ni rahisi kukatwa na kubadilishwa, na bodi yenye ukuta ulionyooka inaweza kurefushwa au kufupishwa kwa kuongeza au kupunguza kipande bila kuchora basi upya.

Hapo ndipo ilipokuwa siri ya familia nzima. Mifupa ya bodi ilikuwa mabomba ya chuma ya pembe nne yaliyochomelewa pamoja na kushikana na fremu ya sakafu. Mwili mzima ulibeba mzigo, tofauti na bodi inayofungwa tu juu ya chasi ya lori. Kutokana na mifupa hiyo na injini moja ya Rába, wasanifu waliweza kuzaa mabasi yenye kazi mbalimbali. Ikarus 260 lilikuwa basi la mjini la mita 11. Ikarus 280, ndilo kumbakumba, lilikuwa na urefu wa mita 16 na nusu. Katika hayo mawili injini ililazwa chini ya sakafu, kati ya ekseli, ili milango iweze kuwekwa popote panapofaa abiria wa mjini wanaopanda na kushuka kila mara.

Kwa safari ndefu mahitaji yalikuwa mengine, kwa hiyo mpangilio ukabadilishwa. Abiria hupanda mara moja, hukaa saa nyingi, na huwa na mizigo. Katika Ikarus 250, lenye urefu wa mita 12, injini ilikwenda nyuma, na sakafu ikainuliwa ili chini yake pawe na buti pana la mizigo. Injini ile ya mitungi sita, yenye ujazo wa zaidi ya lita 10 na nguvu za farasi zipatazo 190, iliundwa ikiwa imelala ubavu ili isichukue nafasi ya juu. Basi liliketi juu ya mito ya upepo badala ya springi za chuma, na safari ikawa laini.

Lakini wasanifu hawakusahau kwamba barabara hazilingani. Mito ya upepo ni starehe kwenye lami nzuri, ila hudai matunzo. Mpira ukitoboka au bomba likivuja mbali na karakana, safari imekwisha. Basi tangu mwaka 1972 likatolewa Ikarus 255, fupi kidogo, lenye springi za chuma bapa zilizopangwa moja juu ya nyingine kama zile za lori. Halikuwa la kifahari, lakini lilivumilia mashimo, na fundi wa kawaida aliweza kulitengeneza. Katika miaka hiyohiyo ya 1970 likafuata Ikarus 256, lenye urefu wa karibu mita 11, lililochukua mito ya upepo ya basi kubwa na kuiweka katika mwili mfupi zaidi. Hatimaye hilo la mwisho lilichukua nafasi ya Ikarus 255, ambalo uundaji wake ulikoma mwaka 1984.

Yaani katika mabasi ya safari ndefu peke yake, mteja alipewa uchaguzi wa urefu, starehe na ugumu, na bado ghala lake la vipuri lilibaki moja. Fundi aliyejifunza kuifungua injini ya kumbakumba la mjini alikuwa amekwisha kujifunza injini ya basi la kwenda mkoani. Hata majina yalifuata utaratibu. Tarakimu tatu za mwanzo zilitaja aina ya basi, na tarakimu zilizofuata baada ya nukta zilitaja toleo maalumu, kama vile la nchi ya joto, la nchi ya baridi, au la mpangilio mwingine wa milango. Mabadiliko yote yaliandikwa, na kila kilichoandikwa kiliweza kuagizwa upya.

BASI LINAPOPINDUKA

Liko jambo moja ambalo halionekani msafiri anapokata tiketi, nalo ni nguvu ya paa. Basi la safari ndefu huwa juu na huwa na mwendo. Likiacha barabara, mara nyingi hulala ubavu au kupinduka. Wakati huo viti laini na mapazia havisaidii kitu. Kinachoamua nani atapona ni kama nguzo za madirisha zitasimama au zitalala juu ya abiria.

Wahandisi wa Hungaria walilichunguza jambo hili mapema. Walipindua mabasi mazima kwa makusudi, wakapima jinsi nguzo zilivyopinda, na wakatumia matokeo hayo kuimarisha bodi. Mhandisi Mátyás Matolcsy alikuwa miongoni mwa waliopeleka ujuzi huo katika meza za kimataifa. Mwaka 1987 ilianza kutumika Kanuni Namba 66 ya Tume ya Umoja wa Mataifa ya Uchumi wa Ulaya. Katika jaribio la kanuni hiyo basi huwekwa juu ya jukwaa, jukwaa huinamishwa taratibu mpaka basi lenyewe lianguke kwa ubavu juu ya sakafu ya zege iliyo milimita 800 chini. Baada ya kuanguka, nafasi inayohitajika abiria waendelee kuwa hai isiwe imeingiliwa na chuma chochote cha bodi.

Ndugu wananchi, hili ni jambo la kupimika. Nguzo inapindika kiasi fulani au haipindiki. Ndiyo maana usalama wa basi hauwezi kuachwa kuwa suala la maneno matamu ya muuzaji wala la maandishi mazuri yaliyochorwa ubavuni.

MAFANIKIO NA KUANGUKA

Mpango wa familia moja ulizaa matunda makubwa. Katikati ya miaka ya 1980 Ikarus ilikuwa ikitoa zaidi ya mabasi 12,000 kwa mwaka. Aina ya 260 peke yake ilipita idadi ya 70,000, na kumbakumba za aina ya 280 zilipita 60,000. Mabasi hayo yalifika Kuba, Iraki na nchi kadhaa za Afrika. Yalifika hata Marekani. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 kampuni ya Crown Coach ya Los Angeles iliuza aina ya 286, iliyounganisha mwili wa Ikarus na injini ya Cummins ya Kimarekani, na mji wa Portland ukawa mmoja wa wanunuzi. Mwili ule ule ulioundwa kwa injini ya Rába uliweza kupokea injini ya ugenini, na huo ni ushahidi tosha kwamba mpangilio wake ulifikiriwa vyema.

Pamoja na sifa hizo, kasoro hazikukosekana. Mabomba ya chuma yaliliwa na kutu mahali penye unyevu na chumvi, hasa yalipokosa matunzo. Injini ya Rába ilikuwa na nguvu, lakini ilikuwa na kelele na moshi, na kadiri miaka ilivyopita ilizidi kuachwa nyuma. Katika miaka ya 1980 kiwanda kilibuni familia nyingine mbili, ile ya 300 kwa safari ndefu na ile ya 400 kwa miji. Hata hivyo familia ya 200 iliendelea kutawala kwa sababu wateja wakubwa waliitaka kwa bei yake nafuu. Ushindi wa jana ukawa kizuizi cha kesho.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa katika masoko. Mnunuzi mkubwa kuliko wote alikuwa mmoja, Muungano wa Kisovieti, aliyechukua maelfu ya mabasi kila mwaka. Mnunuzi wa namna hiyo hufurahisha sana wakati wa neema. Huagiza kwa wingi, hazungumzii sana ubora wa rangi, na hurudi mwaka unaofuata. Lakini wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwanzoni mwa mwaka 1991 biashara kati ya nchi za jumuiya ile ilianza kudaiwa kwa fedha za kigeni ngumu. Katikati ya mwaka jumuiya yenyewe ikavunjwa, na mwisho wa mwaka Muungano wa Kisovieti ukatoweka. Mteja aliyekuwa akichukua maelfu akawa hana cha kulipia.

Kiwanda kilijaribu kujiokoa. Kiliuzwa, kikagawanywa, na mwaka 1999 kikaingia mikononi mwa Irisbus, muungano wa makampuni ya Ufaransa na Italia. Uundaji wa Ikarus 250 ulikuwa umekwisha koma katika miaka ya 1990, na familia yote ya 200 ilifikia mwisho wake mwanzoni mwa karne hii. Mwaka 2007 kiwanda cha Székesfehérvár kilifungwa. Mabasi yenyewe yaliishi kuliko kiwanda kilichoyazaa. Mjini Budapest kumbakumba za mwisho za aina ya 280 ziliondolewa katika huduma ya kila siku mwaka 2022, na wananchi wengi walijitokeza kuziaga.

MAFUNZO KWA WASAFIRISHAJI WA HAPA

Habari hizi za mbali zina maana karibu. Tanzania ilipata kuwa na shirika lake la mabasi ya mikoani, Kampuni ya Mabasi ya Taifa, KAMATA, na katika Afrika Mashariki iko desturi ndefu ya karakana zinazounda bodi za mabasi juu ya chasi zilizoagizwa kutoka nje. Desturi hiyo isidharauliwe. Imewapa kazi mafundi wengi wa kuchomelea, kupaka rangi na kushona viti, na imetoa mabasi yanayovumilia barabara ambazo basi laini la Ulaya lisingezivumilia. Chasi ya lori yenye injini mbele ni rahisi kuitengeneza, na vipuri vyake hupatikana hata katika miji midogo.

Lakini bodi inayofungwa juu ya chasi ya lori ina udhaifu wake. Chasi hujipinda barabarani kama ilivyokusudiwa, na bodi isiyosanifiwa kuifuata hulegea kwenye viungo. Nguzo za madirisha hutegemea uzoefu wa fundi na unene wa chuma kilichopatikana siku hiyo. Mabasi mawili yaliyotoka karakana moja katika mwaka mmoja huweza kuwa na mifupa tofauti, na hakuna mchoro unaoonyesha tofauti hiyo. Ajali ikitokea, hakuna anayeweza kujifunza kutokana nayo, kwa kuwa haijulikani ni nini hasa kilichovunjika.

Kutokana na historia ya Ikarus, mambo matatu yanastahili kuzingatiwa na yeyote atakayesanifu, atakayeunda au atakayenunua mabasi ya safari ndefu.

La kwanza ni kufikiri kwa familia. Karakana ndogo yenye mchoro mmoja mzuri wa mifupa, unaoweza kurefushwa na kufupishwa, ina faida kuliko karakana kubwa inayobuni upya kila asubuhi. Msafirishaji mwenye mabasi 20 ya aina sita huchosha mafundi wake na huweka fedha zake katika vipuri visivyooana.

La pili ni kuanza na barabara. Wahungaria waliweka springi za chuma katika Ikarus 255 kwa sababu walijua baadhi ya wateja wao walipita wapi. Anayenunua basi kwa kutazama picha yake kwenye lami ya nchi nyingine atajuta masika yakifika.

La tatu, na lililo zito kuliko yote, ni kuhesabu uhai wa abiria tangu mstari wa kwanza wa mchoro. Kupima nguvu ya paa hakuhitaji utajiri wa kupindukia. Mifupa ya kipande kimoja cha bodi inaweza kujaribiwa kabla basi zima halijaundwa, na kanuni yenyewe inaruhusu hivyo. Kinachohitajika ni uamuzi kwamba hakuna basi litakalobeba watu usiku na mchana huku nguvu za nguzo zake hazijulikani.

Kiwanda cha Ikarus kilifungwa kwa sababu kilimtegemea mnunuzi mmoja na kikachelewa kujirekebisha. Lakini elimu iliyopatikana pale haikufungwa pamoja na malango yake. Iko katika kanuni zinazowalinda wasafiri wa nchi nyingi, na iko wazi kwa kila fundi atakayetaka kuichukua. Akina mama, wanafunzi na wafanyabiashara wanaopanda mabasi alfajiri kuelekea Iringa, Dodoma na Mwanza wanastahili kupandishwa katika basi ambalo mtu fulani, mahali fulani, amekwisha kulipima kabla yao.